Siku Jicho Alipoomba Waya

Kazi ya Jicho ni ya kusahaulika, na yeye mwenyewe ndivyo alivyoipenda. Ukitazama filamu ukamwona mama mmoja anatembea kuja kwako, uso wake ukabaki safi mwanzo hadi mwisho, humfikirii mtu yeyote. Lakini ukimwona amefifia, macho yana ukungu huku ukuta wa nyuma unaonekana hadi ufa wake, hapo ndipo unapouliza nani kaharibu. Huyo unayemuulizia ndiye Jicho, mvuta fokasi. Yeye hashiki kamera. Anashika rimoti yenye kigurudumu ubavuni, anakizungusha kwa vidole, na kule kwenye kamera kuna mota ndogo yenye meno inayoizungusha pete ya lenzi kwa kadiri ile ile. Mtu akisogea, Jicho anavuta, akirudi, anarudisha. Amefanya hivyo miaka mingi, na jina la Jicho hakujipa. Alipewa na watu wa kazi, ambao kwa kawaida si wepesi wa kumsifu mtu.

Sasa watu hao hao walikuwa wamempachika jina la pili, la kusemwa akigeuka. Walimwita Bwana Redio. Kisa ni kwamba kati ya rimoti anayoishika na mota iliyo kwenye kamera hakuna kitu unachoweza kukishika. Amri inapita hewani, kwa mawimbi ya redio, na mambo yanayopita hewani hayana shahidi. Picha zilipoanza kutoka na ukungu, Jicho alisema redio inaingiliwa, na wote wakamwamini, maana redio hizi zina ukorofi wake na kila aliyezitumia ana hadithi ya kusimulia. Kwanza alizilaumu simu za upepo za walinzi. Walinzi wakaambiwa wazizime. Kisha ikawa lifti. Kisha taa. Siku moja walipiga picha porini, hakuna nyumba wala nguzo, picha ikafifia vile vile. Jicho akageuka huku na huko akitafuta mchawi, akamwona mtu kwa mbali anapita na pikipiki, akasema ni ile pikipiki. Siku hiyo ndiyo jina la pili lilipozaliwa.

Aliyebaki kumkingia kifua alikuwa shemeji yake. Huyu ni kaka wa mke wa Jicho, na ndiye mbeba kamera mwenyewe: mtu wa mabega mapana na maneno ya kuhesabika. Wamefanya kazi pamoja tangu kabla ya ndoa, na ndoa yenyewe ilitokea kazini, kwa maana siku moja Jicho alikwenda nyumbani kwao kurudisha begi la lenzi, mlango ukafunguliwa na dada mtu, na begi likakaa mkononi mwake muda wote wa mazungumzo mpaka yule dada akamuuliza kama anaogopa kuibiwa. Tangu hapo, akiitwa mmoja kazini anakuja na mwenzake. Shemeji akiulizwa mbona picha hii imefifia, alijibu, "Redio hiyo," akaendelea kufuta lenzi. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuropoka, neno lake moja lilitosha.

Lilitosha kwa muda. Jioni moja, vyombo vikipakiwa kwenye gari, mwongozaji wa filamu alimvuta Jicho pembeni. Alikuwa mwanamke mpole, wa aina ile inayokuomba samahani kabla ya kukuumiza.

"Kaka, nikuambie ukweli?"

"Niambie."

"Wenye filamu wanataka nilete mtu mwingine wa fokasi. Nimewaambia waningoje mpaka kesho."

"Kesho si tunapiga ile ya korido?"

"Ndiyo hiyo. Ikitoka safi nitakuwa na kitu cha kuwaonyesha. Ikitoka kama ya juzi, kaka, sitakuwa na mdomo tena."

Jicho alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Halafu akasema jambo ambalo hata yeye hakujua kwamba alikuwa ameliamua.

"Kesho nitatumia waya."

Waya ulikuwepo siku zote. Kila boksi la vyombo hivi huwa na waya wake, umeviringishwa chini kabisa. Ukiuchomeka upande mmoja kwenye rimoti na upande wa pili kwenye mota, redio inajizima yenyewe na amri inapita ndani ya waya. Hakuna mnara, hakuna lifti, hakuna pikipiki. Kinachozungushwa na vidole ndicho kinachozunguka kwenye lenzi, papo hapo. Watu hawaupendi kwa sababu unakwaza miguu na unamfunga mvuta fokasi kwenye kamera. Jicho naye alikuwa akisema haupendi kwa sababu hizo hizo. Lakini yeye alikuwa na sababu yake nyingine, na bila kuijua hiyo utamwona mtu huyu ni mwongo wa kawaida tu, kumbe sivyo.

Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimeanza kuwa na akili zao. Akivituma kufunga kifungo vinachelewa, kama mtu anayeitwa akaitikia "nakuja" halafu hatokei. Vikija, vinakuja kwa kuruka. Vikombe viwili vitatu vilikwishavunjika nyumbani, kila kimoja kikasemwa kilikuwa na utelezi. Mkewe alianza kumfunga vifungo vya shati asubuhi. Alianza kwa utani, "Njoo nikuvalishe, bwana harusi wangu," na utani ule ukageuka kazi ya kila siku bila yeyote kati yao kutamka lolote. Wote wawili walivaa miwani ya mbao, wakajifanya hawaoni.

Kilichowafunga mdomo ni kaka yake Jicho, mkubwa wake wa pekee. Huyu alikuwa seremala, hodari, na kwake ilianza hivyo hivyo: siku moja nyundo iliukosa msumari, akacheka, akailaumu nyundo. Sasa anakaa kwenye kiti nyumbani kwa binti yake, analishwa uji kwa kijiko na kufutwa kidevu, na macho yake yanaelewa kila kitu, jambo ambalo ndilo baya kuliko yote. Daktari aliwaambia ndugu kwamba ugonjwa ule huenda ukawa wa ukoo na huenda usiwe. Jicho aliishika ile "huenda" ya pili kwa nguvu zake zote.

Kwa hiyo usimcheke kwa ile pikipiki. Kama ni redio, basi mkono ni mzima. Kila aliposema "redio imeingiliwa" hakuwa anatetea kazi peke yake, alikuwa anakikataa kile kiti. Na ndiyo maana waya ulikaa chini ya boksi miezi yote ile. Waya ungejibu swali, naye hakutaka swali lijibiwe. Sasa mwongozaji alikuwa amemfikisha ukutani.

Mezani siku hiyo alimweleza mkewe. Alimweleza kwa uma na kijiko, hii ndiyo mota, hii ndiyo rimoti, akaweka kamba ya kiatu cha binti yao katikati.

"Kwa hiyo hapo hakuna redio kabisa," mkewe akasema.

"Hakuna hata chembe."

"Na ikitoka safi?"

"Ikitoka safi, basi siku zote ilikuwa redio."

Upande wa pili wa maneno hayo hakuusema, na mkewe hakuuliza. Aliichukua ile kamba ya kiatu akaiviringisha kidoleni, akaiviringua, akaiviringisha tena.

"Mbona hukuutumia tangu zamani, baba?"

"Unakwaza watu."

"Watajikwaa, watainuka," mkewe akasema. "Kesho nitakupigia saa ya chakula. Ukiona nimepiga, upokee."

Mahali pa kazi palikuwa ghorofa moja ya jengo la ofisi, wenyewe wamehama. Zulia lilikuwa na alama za miguu ya madeski, ukutani misumari imebaki bila picha. Korido ilikuwa ndefu, na mwisho wake kulikuwa na dirisha kubwa lililoleta mwanga mzuri. Juu ya paa ulisimama mnara wa simu. Walipouona asubuhi, watu walianza kuchekana, kwamba leo Bwana Redio hahitaji pikipiki, Mungu kamletea mnara mzima. Aliyewanyamazisha ni Kibao, mama wa makamo anayepiga kile kibao cha mwanzo wa picha na kubadilisha lenzi. Kazi hiyo alifundishwa na Jicho, na alikuwa hapendi kumsikia akichezewa.

"Nipatie waya," Jicho akamwambia.

Shemeji aliyekuwa anajifunga mikanda ya kubebea kamera aliinua uso.

"Waya? Nitatembea na wewe kama mbuzi na kigingi?"

"Zamani tulitembeaje?"

"Zamani tulikuwa wembamba."

Walicheka wote wawili, na kicheko kile kilimpa Jicho moyo. Zamani, kabla ya rimoti, alikuwa anaishika pete ya lenzi yenyewe kwa mkono, ubavu kwa ubavu na shemeji yake, wanatembea pamoja mbele na nyuma hadi wakawa wanapumua kwa zamu moja. Redio ilipokuja ilimtoa pale. Ilimpeleka chumba cha pembeni, nyuma ya pazia jeusi, peke yake na skrini. Wengi walisema amepanda cheo, sasa anakaa kitini. Jicho alikuwa amelipenda pazia lile zaidi mwaka huu kuliko miaka yote, maana nyuma yake hakuna aliyekuwa anauona mkono wake.

Leo pazia halikuwepo. Kibao alichomeka waya upande huu na upande ule. Kile kialama cha mawimbi kwenye rimoti kikazimika. Jicho akazungusha kigurudumu taratibu na mota ikaitikia bila kusita, akazungusha tena, ikaitikia tena, akahisi furaha ambayo hakuwa ameionja muda mrefu. Walifanya jaribio moja, Kibao akitembea badala ya mwigizaji, pole pole, huku akiongea na binti yake kwa simu kuhusu sare ya shule. Kwenye skrini ndogo juu ya kamera uso wa Kibao ulikaa safi mwanzo hadi mwisho.

"Umeona?" Jicho akamwambia shemeji yake.

"Nimeona," shemeji akasema, naye alikuwa anatabasamu.

Picha yenyewe ilikuwa hivi. Mwanamke mtu mzima amekuja kuchukua vitu vya marehemu mumewe ofisini. Anatembea korido nzima, kwanza polepole, halafu anakaza mwendo kama anayetaka yaishe, halafu anasimama mbele ya mlango na uso wake umeijaza picha yote. Kamera inamtangulia ikirudi kinyumenyume. Jicho anarudi kinyumenyume pembeni ya kamera, na nyuma yao Kibao ameushika ule waya ulegee usimkwaze mtu. Mwigizaji alikuwa mama wa heshima, wa machozi ya kweli. Hakutumia dawa ya macho, na alikwishawaambia kwamba machozi hayo hana mengi.

Wakaanza. Kibao akapiga kibao, akawahi nyuma na kuushika waya. Yule mama akaja. Jicho alimwona vizuri kuliko alivyomwona mtu yeyote kwenye skrini ya chumbani, alimwona mkunjo wa koo na kifungo cha koti lake, na kigurudumu kilikuwa kinakwenda. Katikati ya korido mama akakaza mwendo. Jicho akaviambia vidole viende. Vidole vikaitikia "nakuja." Mama anasogea, vidole vimekaa, mama yuko karibu, vidole vimekaa, halafu kwa ghafla vikaruka vikapita mbali. Mama aliposimama mbele ya mlango machozi yakimtoka, sikio lake ndilo lililokuwa safi. Macho yalikuwa ukungu mtupu.

"Simama hapo," mwongozaji akasema kutoka kwenye skrini yake.

Jicho alifungua mdomo kusema redio. Neno lilifika kwenye ulimi likakosa mahali pa kwenda.

"Waya huu una hitilafu," akasema. "Umekaa sana bila kutumika. Kibao, kuna mwingine."

Wa pili ulikuwa mpya, bado uko ndani ya mfuko wake wa plastiki. Kibao aliuchomeka bila kumtazama usoni. Yule mama mwigizaji alikaa kwenye kiti mwisho wa korido, amefumba macho, anayatafuta machozi upya, na korido nzima ikakaa kimya kumheshimu. Jicho aliutumia muda ule kuufinyafinya mkono wake wa kulia nyuma ya mgongo. Aliuomba. Hakuna neno jingine la kueleza alichokifanya. Alisimama pale mtu mzima na mvi zake, akauomba mkono wake kama unavyomwomba mtu baki, dakika moja tu, unisaidie hii moja tu.

Wakaanza tena. Safari hii shemeji, macho yake yakiwa kwenye skrini ya kamera, alihisi kiwiko cha Jicho kinamgonga ubavuni. Kilimgonga tena, na tena, kama mtu anayebisha hodi. Akashusha macho. Kwa mara ya kwanza tangu redio ije kati yao, aliuona ule mkono ukiwa kazini. Aliviona vidole vimesimama juu ya kigurudumu vinatetemeka bila kukigusa, huku yule mama anasogea. Aliviona vikiruka. Akayarudisha macho yake kwenye skrini haraka, lakini alikuwa amekwisha kuona, na Jicho alijua kwamba ameona.

Picha ilififia pale pale ilipofifia mwanzo.

Mwongozaji alikuja mwenyewe safari hii. Alisimama mbele yao akiwa amekunja mikono, na nyuma yake walikuja wengine, mtu wa taa, mtu wa sauti, na bwana mmoja aliyetumwa na wenye filamu.

"Na huu nao una hitilafu?" akauliza.

Hakumuuliza Jicho. Alimuuliza shemeji, kama walivyozoea wote kumuuliza, na wote wakangoja lile neno lake moja. Jicho naye akamtazama. Lilikuwa jambo dogo sana. Aseme waya, au aseme mnara, au aseme lolote, naye Jicho angepata siku nyingine moja ya kuwa mzima. Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa, kamera bado iko begani, jasho linamchuruzika.

"Waya ni mzima," akasema.

Jicho alijaribu kumkasirikia, akashindwa. Hakuhisi hasira wala aibu. Alichohisi ni uchovu, na chini ya uchovu hofu, hofu ya kweli, ya kiti na kijiko na kidevu kinachofutwa na mtoto wake. Mwongozaji alimtazama mkononi, akaelewa, akageuka upande wa dirisha. Alipogeuka tena sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama hana machozi ya kurudia mara nyingi," akasema. "Kibao, shika rimoti."

"Mimi? Hapana, dada. Mwenyewe si yupo?"

"Shika," Jicho akamwambia. "Usiitazame skrini, itakuchelewesha. Mtazame yeye miguu, akikaza mwendo na wewe usingoje."

Kibao aliipokea rimoti kwa mikono miwili, macho yamejaa maji, akasema kitu ambacho hakikusikika.

"Basi turudi kwenye redio?" yule bwana akauliza. "Maana aliyekuwa anashika waya ndiye huyu aliyeshika rimoti."

"Na mnara je?" shemeji akasema. "Waya ubaki."

Mwongozaji akaanza kuita mtu kutoka chini, lakini Jicho alikwisha kuinama.

"Nitaubeba mimi."

Aliuviringisha kwenye mkono wa kushoto, ule mzuri, akaacha wa kulia uning'inie. Kazi ya kubeba waya haina ufundi. Unatembea nyuma ya watu wawili, unaulegeza wakienda, unaukusanya wakirudi, unaangalia chini usikanyagwe. Jicho aliifanya vizuri. Yule mama akaja, akakaza mwendo, akasimama, na kwa kuwa macho yake yalikuwa sakafuni Jicho hakuiona picha, ila aliisikia pumzi ya shemeji yake ikitoka yote kwa pamoja, naye aliijua pumzi ile. Alikuwa ameisikia miaka mingi kila alipovuta vizuri.

Picha ilikuwa safi kabisa. Mwongozaji aliirudia kwenye skrini, akajifuta machozi, akamkumbatia mwigizaji. Yule bwana wa wenye filamu, ambaye si mtu mbaya ila haoni mbali, na zile mbili za mwanzo alikwisha kuzisahau, alimjia Jicho akampiga bega.

"Kumbe ulikuwa sahihi, mzee. Tulikucheka bure. Redio ndiyo iliyokuwa inatuharibia. Kuanzia leo ni waya tu."

"Ni waya tu," Jicho akasema.

Wakapumzika kwa chakula. Watu walikaa chini kando ya kuta na sahani zao. Jicho alikwenda kwenye chumba kimoja kitupu, na shemeji akamfuata. Alikuwa amevua mikanda ya kamera na alama zake zimebaki kwenye shati.

"Shemeji," akasema.

"Ulisema kweli, shemeji," Jicho akamkatiza. "Ungesemaje?"

"Ningeweza kusema mnara."

"Na kesho?"

Shemeji aliegemea ukuta, akaupiga kisigino taratibu, kama anayetafuta mlango.

"Ni ule wa kaka?"

"Ndio ule."

"Dada anajua?"

"Anaogopa. Kujua, bado."

"Nimwambie mimi?"

"Hapana. Nitamwambia mwenyewe. Leo nikifika."

Alisema hivyo kwa dhati kabisa, na wakati ule alikuwa amekusudia. Ndipo simu ikalia mfukoni. Ilikuwa kwenye mfuko wa kulia, ikamchukua muda kuitoa, ikalia mpaka ikakaribia kukatika, na shemeji alisimama akaangalia dirishani ili asimwone akihangaika.

"Nimengoja nikaona nitapasuka," mkewe akasema. "Niambie. Waya umekubali?"

Kupitia mlangoni Jicho aliiona ile skrini kubwa kwenye korido. Walikuwa wameiacha picha imesimama, uso wa yule mama umejaa, kila chozi linaonekana. Pembeni yake Kibao, sahani yake haijaguswa, alikuwa ameshika rimoti anakizungusha kigurudumu mbele na nyuma, mbele na nyuma, vidole vyake vinakwenda vizuri.

"Umekubali," akasema.

"Na picha?"

"Safi kabisa. Wote wamesifu."

Akamsikia mkewe anavuta pumzi, halafu kicheko kidogo, halafu kilio, vyote vimechanganyika.

"Kwa hiyo ilikuwa redio," mkewe akasema.

Jicho alimtazama shemeji yake. Shemeji alikuwa amegeuka kutoka dirishani, amesikia, uso wake umelegea.

"Baba? Ilikuwa redio?"

"Ndiyo," Jicho akasema. "Ilikuwa redio tu."

"Mungu mkubwa. Nilikuwa naogopa, baba, we acha. Nilikuwa nakufunga vifungo na mwili wangu wote unatetemeka, namwona kaka yako. Sikutaka kukuambia nikakutia wasiwasi. Sasa naweza kukuambia kwa sababu yamepita."

"Yamepita."

"Ngoja nimwambie mtoto. Naye alikuwa anajua, usidhani hajui. Usikate, usikate, nataka akusikie."

Akasikia anamwita binti yao kwa sauti, akasikia milango, akasikia miguu inakuja mbio. Kwenye korido walikuwa wamesimama tayari kwa picha inayofuata, na mtu akaita waya. Jicho aliirudisha simu mfukoni bila kuikata, mkewe bado anacheka humo ndani, akaenda kuubeba.